Kikao cha Njiapanda

Saa moja ya asubuhi njiapanda ya zahanati ilikuwa imeshajaa vumbi na honi, na kwenye ukingo wa mtaro mwanamke mmoja alisimama akihesabu magari. Alivaa koti la kazi la rangi ya chungwa lililomzidi mabega, na viatu vya ngozi vilivyolika visigino upande mmoja, kama vya mtu anayetembea sana na kulala kidogo. Alikuwa mhandisi wa idara ya barabara. Fomu aliyopewa ofisini ilikuwa na safu za malori, mabasi, magari madogo na pikipiki. Ya baiskeli haikuwemo, wala ya watu wa miguu. Alizichora mwenyewe kwa kalamu pembeni, na kabla saa haijaisha zilikuwa zimejaa kuliko zile zilizochapwa.

Ng'ambo ya mtaro alikaa fundi baiskeli. Watu walimwita Breki, kwa sababu hakuna baiskeli iliyotoka mikononi mwake bila kujaribiwa breki, hata kama mwenyewe alikuja kuziba pancha tu. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini kasoro, aliyefiwa na mke miaka sita nyuma, shati lake la bluu limepauka mgongoni kwa jua. Alimtazama yule mwanamke akibadilisha mguu wa kuegemea mara kumi hivi, mwishowe akavuka mtaro na kigoda.

"Kaa, dada. Magari hayatakukimbia."

"Nikikaa siwaoni wanaotembea."

"Kumbe na sisi tumo humo?" Akaichungulia fomu. "Basi mimi nimepita hapa mara nne leo. Usije ukaniandika watu wanne."

Mhandisi akacheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe. Akakaa. Breki akamweleza kwa nini alitaka kujua wanaohesabiwa ni akina nani. Mwaka uliopita mama yake alikuwa akivuka kwenda zahanati, pikipiki ikamgonga, nyonga ikavunjika. Sasa alitembelea fimbo, na kila Jumatatu alivuka pale pale, maana pengine hapakuwepo.

Siku ya tatu ya kuhesabu, Mhandisi alikuja na chai ya watu wawili kwenye chupa. Siku ya tano alibaki hata baada ya fomu kujaa. Baadaye ikawa simu, kila jioni Breki akishafunga vifaa vyake. Alimwita "mhandisi wangu" na kumuuliza barabara imeshindaje. Naye alimwita "fundi wangu" na kumwambia imeshinda ikilalamika, kama yeye. Hawakuwa vijana wa kuahidiana mbingu. Walisimuliana miguu inavyouma, nani kawaudhi, nani kala nini. Mara nyingine walinyamaza tu simu ikiwa sikioni, na hakuna aliyeona haraka ya kuikata.

Vikao vya maoni kuhusu barabara mpya vilikuwa vikifanyika ofisini, saa nne asubuhi, siku za kazi. Breki ndiye aliyemwambia kwamba saa hizo waendesha baiskeli wako njiani na mizigo, na mama wa mboga hawezi kuacha meza yake. Mhandisi akahangaika na barua kwa majuma mawili, mpaka akapewa kibali cha kufanya kikao njiapandani, Jumapili alasiri. Breki akapita kwa wateja wake mmoja mmoja. Wengi walimwambia wamechoka kuulizwa. Aliwasihi waje kwa ajili yake.

Wakaja zaidi ya watu mia moja. Hawakukaa, waliitembea barabara, na kila mtu akapiga alama ya chaki pale anapovukia. Idara ilifikiria daraja la juu lenye ngazi. Mama yake Breki alisimama pale palipopangwa nguzo ya daraja hilo, akainua fimbo yake.

"Ngazi arobaini?" akauliza. "Hilo mnawajengea mbuzi."

Watu wakacheka, Mhandisi akaandika. Wote wakatia sahihi karatasi ya mahudhurio, Breki wa kwanza.

Miezi mitatu baadaye ubao wa mradi ukasimamishwa njiapandani. Mchoro ulionyesha uzio katikati ya barabara na daraja lile lile la ngazi. Njia ya baiskeli haikuwepo. Chini yake palikuwa na maneno kwamba wananchi wameshirikishwa na kuridhia, na orodha ya majina yao ikafuata. La Breki lilikuwa juu kabisa.

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Wateja walikuja wakiwa kimya, wengine hawakuja. Mbeba mizigo mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, alimwambia tu kwamba angalau wangemwachia Jumapili yake alale. Breki akampigia Mhandisi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena siku ya pili na ya tatu. Jioni ya siku ya nne ukaja ujumbe: Nitakueleza. Nipe muda.

Alipiga papo hapo, na safari hii ikapokewa.

"Ulinivisha kilemba cha ukoka," Breki akasema. "Ulihitaji sahihi, ukampata mjinga wa kukukusanyia. Ungesema tangu mwanzo, ningekupa yangu tu, watu wangu ningewaacha."

Mhandisi alianza kusema jambo, akaliacha katikati. Simu ikakatwa. Ikapita wiki mbili bila neno, na Breki akafunga spoki na kuziba pancha kama mtu anayemfanyia kazi mtu mwingine.

Aliyechoka na ukimya huo alikuwa mama yake. Jumatatu moja, badala ya kwenda zahanati, alikwenda idara ya barabara, akapanda ngazi hadi orofa ya tatu kwa fimbo, akipumzika kila baada ya hatua tano. Huko akaambiwa Mhandisi hayupo tena. Amehamishiwa chumba cha mafaili, chini kabisa. Akashuka. Alimkuta katika chumba kisicho na dirisha, kitambaa kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alikuwa amejiandaa kumgombeza, na alimgombeza. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa nakala ya barua kwenye mkoba wake akamsomea. Alikuwa amekataa kutia sahihi ule mchoro, kwa kuwa hakuna hata alama moja ya chaki iliyoingizwa. Mkubwa wake akatafuta mtu mwingine wa kutia sahihi, naye akatupwa kwenye mafaili na kukatazwa kuzungumza na watu wa mradi.

"Mbona hukumwambia mwanangu?"

"Niliona haya, mama. Nilimwambia watasikilizwa."

Mama mtu akakaa juu ya rundo la mafaili kupumzisha nyonga. Kabla hajaondoka, Mhandisi alimpa nakala ile na kumweleza kwamba zilibaki siku kumi na moja za kupeleka pingamizi, na kwamba sentensi moja yenye jina inatosha.

Jioni hiyo Breki alipiga simu.

"Nilikukosea," akasema.

"Ulikuwa na haki ya kuuliza."

"Sikuuliza. Nilihukumu."

Kisha Mhandisi akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeinama, kwamba wasipoteze siku.

Breki akaanza upya kuzunguka. Safari hii hakuwasihi watu waje kwa ajili yake. Aliwasomea ile barua. Siku ya kusikiliza pingamizi walijipanga mpaka nje ya lango, na Mhandisi akaja kwa miguu, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi, akajipanga katikati yao. Mkubwa wake alimwona akitoa pingamizi lake kama mtembea kwa miguu. Mhandisi alijua kwamba alikuwa anaiweka rehani kazi yake.

Mchoro mpya ulitoka baada ya miezi miwili. Uzio na daraja la ngazi viliondolewa, kivuko chenye taa kikawekwa mbele ya zahanati. Njia ya baiskeli ilipatikana upande mmoja tu, tena ikiishia sokoni. Watu walisema nusu shari kuliko shari kamili, wakarudi kwenye shughuli zao. Mhandisi hakurudishwa kwenye nafasi yake.

Alasiri ya siku ulipotoka mchoro alikaa kwenye kigoda cha fundi, viatu amevivua. Breki alisafisha mikono kwa mafuta ya taa, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimechoka," Mhandisi akasema.

"Nami nimechoka. Basi njoo tuchoke nyumba moja."

Alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Mama anajua?"

"Ndiye aliyenitoa nyumbani asubuhi. Kasema nisirudi bila jibu."

Mhandisi akavaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba za kimoja, kisha cha pili. "Twende tukampe jibu lake," akasema.

Ujenzi ulikuwa bado haujaanza, na pembeni mwa barabara hapakuwa na nafasi ya watu wawili kwenda sambamba. Breki akatangulia akiikokota baiskeli, Mhandisi akafuata nyuma, mkono wake juu ya kiti, malori yakiwapita karibu.