Kijani kwa Siku Kumi

Simu iliibwa Jumatatu asubuhi kwenye droo ya mwalimu msaidizi, na kwa siku kumi za shule baada ya hapo ikaendelea kuchapa kazi. Inspekta alikuwa amekamata wezi wa kila namna katika maisha yake, lakini mwizi anayemfanyia kazi yule aliyemwibia hakuwahi kumwona. Alilisoma jalada, akalifunga, akalifungua tena. Bado halikumwingia akilini.

Mwalimu msaidizi alimweleza taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya msichana mmoja wa miaka minane ambaye kelele za darasani zilimvuruga kabisa. Kila dakika kumi programu ya kwenye simu ilimkumbusha, naye akabonyeza rangi. Kijani, ametulia. Njano, anahangaika. Nyekundu, amepiga mtu au amepindua meza. Rekodi zilikwenda moja kwa moja kwa kamati ya tathmini.

"Na baada ya simu kuibwa?"

"Niliandika kwenye daftari. Nyekundu ishirini na mbili, afande. Simu nayo imeandika kijani tupu."

Kamati iliiamini simu. Juzi ikaleta barua: mtoto ametengemaa, mwalimu msaidizi aondolewe kuanzia Jumatatu. Aliposema si yeye aliyebonyeza, wakamjibu kwamba anatunga hadithi ya wizi ili asipoteze kazi. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipokimbilia polisi. Leo ilikuwa Ijumaa. Mwizi asipopatikana, mtoto angebaki peke yake na kelele zile.

Namba ya siri haikuwa siri. Walimu waliazimana simu hizo za shule, basi waliiandika kwenye plasta nyuma ya kila moja. Simu yenyewe haikuwa na laini, ilitumia mtandao wa shule tu. Kwa hiyo ilikuwa bado humo humo ndani ya ukuta, mikononi mwa mtu wa humo humo.

Mtu gani, sasa? Alama za vidole kwenye droo zilikuwa za walimu wote. Mwalimu wa darasa alikiri bila haya kwamba angefurahi mtoto ahamishwe.

"Ungeiba wewe, ungebonyeza rangi gani?"

"Nyekundu. Asubuhi mpaka jioni."

Mwalimu mkuu naye angetaka nyekundu, maana nyekundu ndizo zilizoiletea shule msaada. Mwalimu msaidizi vivyo hivyo. Kijani hakikuwa na faida kwa mtu yeyote. Inspekta alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani, kichwa kimejaa pamba. Ukikosa mwenye faida, unamtafuta nani?

Kisha jibu likamjia, polepole na bila fahari. Wote wanaozijua kanuni za programu ile wasingethubutu kubonyeza kijani. Basi mwizi hakuzijua. Alimtakia mtoto mema, na hakujua mema yake yanamdhuru.

Akaomba rekodi zenyewe. Kijani kilifuatana kila dakika kumi, ila palikuwa na mapengo. Jumanne, saa nne na dakika ishirini. Alhamisi, saa tano, mawili mfululizo. Wakati anakuna kichwa, lori la vitabu likapiga honi nje. Mlinzi, ambaye shule nzima ilimwita Mzee Subiri kwa kuwa hakuna aliyepita bila kuambiwa neno hilo, akatoka kibandani na daftari lake, akaandika namba ya gari na saa.

Inspekta aliliomba daftari. Kila pengo lilikuwa na gari lake.

Kibandani mzee alimpisha kiti. Hakukana. Aliitoa simu ndani ya soksi safi, akaiweka mezani kwa adabu.

"Yule mtoto ni nani kwako?"

"Mimi ni mjomba wake. Mama yake ni dada yangu. Hapa hawajui, tusije tukaambiwa anabebwa."

"Kwa nini uliiba, mzee wangu?"

"Dada alinionyesha ripoti. Nyekundu, nyekundu. Nikaona wanamkusanyia makosa wamfukuze. Mtoto wako akikosea unamsitiri, afande. Humwandiki."

Inspekta alimweleza kijani kilifanya nini. Alilazimika kueleza mara mbili.

"Kumbe nyekundu ndiyo iliyokuwa inamlinda?"

"Ndiyo."

Mzee aliketi sakafuni, akaishika miguu yake. Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkera, kwa sababu fomu ya kukiri kosa aliyokuja nayo haikuwa na mahali pa kuiandika. Aliitandaza mezani hata hivyo. Akamwambia bila kumficha jambo: kazi ataipoteza, na mahakamani huenda akafika.

"Nikisaini, watamrudishia mwalimu wake?"

Inspekta aliisogeza fomu karibu naye. "Sijui. Ninachojua ni kwamba usiposaini, hawatamrudishia."

Mzee akavuta kalamu. Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kisha akauliza kama kuna karatasi nyingine ya kusaini.