Jibu la Juu ya Ukuta

Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika watu wa likizo asubuhi ile, na ubao wa kutelezea mawimbini ulimgonga mfamasia begani kabla hajamwona aliyeubeba.

"Samahani, dada," akasema mwanamume yule, na kwa kugeuka akamgonga tena.

"Hiyo ya pili ni ya makusudi," akajibu, akisugua bega.

Alivaa gauni la kitani la rangi ya udongo na viatu vya kutembelea. Alikuwa ameomba siku kumi kazini kwa jambo moja tu, kuutembea mji mkongwe lango kwa lango, kama alivyojiahidi tangu akiwa shule. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mabega yamebabuka kwa jua, na yeye alifuata mawimbi ya ufukweni, mwendo wa nusu saa kwa basi. Kumbe wote wawili walifikia hoteli moja, ile iliyo katikati ya bahari na mji.

Siku ya tatu wakapatana: asubuhi ni za fundi, baharini; alasiri ni za mfamasia, mjini. Asubuhi alifundishwa kusimama juu ya ubao, akameza maji ya chumvi hadi akakohoa, na fundi akamshika kiuno akicheka. Alasiri zamu ilikuwa yake kuongoza, kwenye vichochoro vyenye kuta baridi, vizingiti vilivyolika kwa nyayo, ngazi za mnara zilizompa fundi kizunguzungu ingawa kazi yake ilikuwa kuning'inia ghorofani.

"Lango hili lilijengwa mara mbili," alimwambia siku moja.

"Hata mimi nina njaa, Daktari."

"Mimi si daktari. Na sikuzungumzia njaa. Akili yako umeiacha majini."

"Akili iko majini, laazizi. Moyo ninao hapa."

Maneno kama hayo yangemlainisha yeyote, naye akalainika. Kufikia siku ya sita walikuwa wakitembea wameshikana mikono, na mfamasia alikuwa ameshamsimulia dada yake kwa simu, kuanzia ubao hadi mabega.

Siku ya saba ikaingia barua kwenye simu yake. Hospitali moja ya ng'ambo, aliyoiomba kazi kabla hajamjua fundi, ilikuwa imemkubali. Mkataba wa miaka mitatu, na jibu lilitakiwa kesho yake saa sita mchana. Alishinda nayo kifuani mpaka alasiri, walipopanda juu ya ukuta wa mji. Upepo ulikuwa mkali, gauni linampiga miguuni. Fundi alitembea kuliani kwake.

Mfamasia akasema akitazama mapaa, maana usoni asingeweza. "Wameniita kazini, ng'ambo. Miaka mitatu. Ukiniambia nibaki, nitabaki."

Fundi naye alitazama mapaa, akatabasamu. "Sawa," akasema. "Tushuke, upepo huu utatubeba."

Mfamasia alishuka ngazi akihesabu vidato ili asilie.

"Ulimuuliza vizuri?" dada yake akataka kujua jioni ile.

"Dada, nilimuuliza kwa Kiswahili."

"Muulize tena."

"Siombi mara mbili."

Asubuhi, fundi akiwa baharini, alituma jibu la kukubali, akafunga mkoba na kupanda basi la kwanza. Simu iliita njia nzima. Iliita wiki hiyo yote, na iliyofuata. Aliitazama tu. Ofisini alikabidhi funguo za stoo ya dawa. Nyumba aliyopanga ikapata mpangaji mwingine. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akahamia kwa dada.

Wiki ya tano akapokea, kwa kuchoka zaidi ya kusamehe.

"Nilikukosea nini?" fundi akauliza.

"Nilikwambia ukisema nibaki nitabaki. Ukasema sawa, tushuke."

"Ulisema lini hayo?"

"Juu ya ukuta."

"Ulikuwa upande wangu upi?"

"Ndiyo swali hilo?"

"Nakuomba, Daktari. Upande upi?"

Akafikiri. "Kushoto."

Ndipo fundi akamweleza. Mfupa ulikuwa umeota ndani ya sikio lake la kushoto, kwa miaka ya maji baridi na upepo, hadi ukaziba. Alificha kazini, kwa kuwa fundi wa lifti asiyesikia mwenzake akimwita shimoni hapewi tena zana. Akamficha na yeye.

Walikutana siku nne kabla ya safari, kwenye mgahawa ulio mkabala na lango kuu la mji mkongwe. Fundi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaketi akimgeuzia sikio zima.

"Baki," alisema, hata chai haijaletwa. "Nalisema sasa. Baki."

Mfamasia aliliona neno lile mezani, neno alilolitaka hadi usingizi ukamkimbia, na hakujua aliweke wapi.

"Nibaki wapi? Kazi nimeacha. Nyumba ina mtu. Mama ameshazoea kwa dada, na huko wananingoja Jumatatu."

"Tutaanza upya. Wawili hatushindwi."

"Siku saba nilikuwa naongea na ukuta," akasema polepole. "Nilidhani unanipuuza. Ungeniambia siku ya kwanza."

"Ungeniona mgonjwa."

"Mimi ninauza dawa za masikio. Kila siku ya Mungu ninaziuza."

Fundi aliinamisha kichwa. "Na wewe," akasema, "ungeuliza mara mbili tu."

Ilikuwa kweli. Walikunywa chai. Walishikana mikono juu ya meza mpaka mhudumu akaja kufuta, wakaahidiana simu kila Jumapili na kwamba miaka mitatu si umri.

Jumapili za mwanzo walizungumza hadi simu zikapata moto. Fundi alipasuliwa sikio, akamwambia sasa anamsikia hata akipumua, wakacheka. Kisha zamu za hospitali zikabadilika, na saa za huko zikapishana na za huku. Mwezi wa saba tangu aondoke, mfamasia akitoka kugawa dawa wodini, alikuta fundi amepiga mara moja. Alikuwa amechoka, miguu imevimba. Akajisemea atampigia kesho.

Kesho yake alikuwa zamu tena. Fundi hakurudia kupiga, na yeye hakuuliza kwa nini.