Chupa Sita za Mdomo wa Mlima

Simu ilitetemeka mfukoni mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Sindano aliiacha pampu iendelee kuinywesha Land Cruiser dizeli, akasogea nyuma ya gari.

"Kitendawili," ilisema sauti ya Mkuu.

"Tega."

"Babu yangu anavuta kiko mwaka mzima, kiberiti hana."

"Mlima wa moto."

"Kuna watu wanataka kumkohoza leo, saa sita mchana. Ndio hao abiria wako. Malori yao mawili yamejificha njia panda ya chini."

"Niwakamate?"

"Kwa kosa gani, kuvaa kofia ya unyoya? Hatuna ushahidi. Na simu ya loji imekatwa waya tangu jana."

Mkuu akakata. Hakuwa mtu wa kuaga.

Sindano akatazama saa yake ya Casio. Saa tatu na robo.

Chini ya mlima ule kulikuwa na vijiji vinne, ghala moja ambamo wachimbaji wadogo waliweka vito vyao, na daraja moja jembamba la mbao. King'ora cha hatari kilikuwa juu, kwenye loji. Kikilia, watu wote wanakimbilia darajani na ghala linabaki na inzi. Mwaka juzi kililia kwa hitilafu. Watu kumi na mmoja walikanyagwa wakafa. Mmoja alikuwa shemeji yake Sindano. Mdogo wake Sindano, aliyeachwa mjane, alikuwa bado anafundisha kwenye shule iliyo hatua mia moja kutoka daraja lile.

Watoto mia nne.

Abiria wakatoka dukani. Wa kwanza alijiita Profesa wa milima ya moto. Alivaa kofia yenye unyoya na buti ambazo kibandiko cha duka kilikuwa bado chini ya soli. Kwa buti zile, mlima mrefu kuliko yote aliowahi kupanda ni ngazi za hoteli.

Wa pili aliitwa Shingo, kwa sababu hakuwa nayo.

"Mama dereva, sanduku langu polepole," alisema Profesa. "Humo mna chupa sita za hewa. Nimezijaza mwenyewe juu kabisa, mdomoni mwa mlima, nikazifunga palepale. Hazijafunguliwa tangu hapo. Usiulize sana, ni sayansi, utaumwa kichwa."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

Sindano akalipakia sanduku, akatupa jicho ndani. Chupa za plastiki. Zote zimenyooka, hazina hata bonde moja.

Kwenye mfuko wa mlango wake kulikuwa na chupa yake ya maji, tupu, aliyoifunga kule loji wiki iliyopita. Ilikuwa imebonyea mashavu kama kizee asiye na meno.

Akawasha gari.

Barabara ilipanda kwa kona thelathini na saba. Misonobari ikaja, ukungu ukaja, maporomoko ya maji yakaning'inia ukutani mwa mlima kama shuka zilizoanikwa. Kisha miti ikakoma, likaanza jiwe jeusi lililomwagika enzi hizo likiwa uji wa moto. Mtu mwenye macho angenyamaza kidogo.

Profesa alijipiga picha ya uso wake.

"Unaona ule moshi wa sumu?" alimwambia Shingo, akionyesha kwa kidole.

"Ule ni ukungu, bwana mkubwa," alisema Sindano.

"Wewe shika usukani."

Kwenye kona ya ishirini Shingo aliinua pakiti yake ya krispi. Ilikuwa imevimba, iko karibu kupasuka.

"Mbona imekuwa hivi?"

"Hata wewe ukipanda mlima unavimba, kaka. Kula tu."

Shingo akaipasua, akala, akafikiri. Kufikiri kulimchosha akaacha.

Kwenye kona ya thelathini Profesa alitaka picha ya kishujaa, Shingo aipige akiwa juu ya mwamba. Koti lilikuwa linambana Shingo. Akalivua, akalitupa kwenye kiti pamoja na krispi, akaanza kuparamia mwamba kama kabati linalopandishwa ghorofani.

Ndani ya koti mlikuwa na bastola, Beretta.

Sindano alizimenya risasi kama njugu. Kumi na tano. Sekunde arobaini.

Walipofika loji ilikuwa saa sita kasoro robo.

Ilikuwa nyumba ya mbao yenye harufu ya moshi na nta ya sakafu. Buti za mpira zilipangwa mlangoni. Kando ya meko, ukutani, palikuwa na kibonyezo chekundu ndani ya kisanduku cha kioo. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mama mwenye loji, mwanamke mpana mwenye aproni, aliyeheshimu muhuri kuliko mvua.

Profesa akapanga chupa zake mezani, akaweka cheti.

"Sumu imepanda mara tisa. Mlima utalipuka kabla ya saa saba. Bonyeza, mama."

Mama mwenye loji akasoma. Mihuri mitatu. Akavua ufunguo. Aliushikilia kidogo, maana kelele za darajani za mwaka juzi alizisikia kutoka hapo hapo.

"Naomba usiwe uongo," alisema taratibu.

Ufunguo ukaingia kwenye kisanduku.

"Mama," alisema Sindano toka mlangoni, "kitendawili."

"Nyamaza, dereva," Shingo akafoka.

Lakini mama yule alikuwa na wajukuu saba. Neno lilimtoka lenyewe.

"Tega."

"Nikipanda mlima nanenepa, nikishuka nakonda, wala sili."

Mama mwenye loji akatazama upande wa jikoni.

"Dumu," alisema. "Madumu ya mafuta yakitoka mjini hufika yamevimba. Matupu nikiyafunga hapa nikayashusha, mtu wa lori ananiambia yamefika yamejikunja."

"Hewa iliyofungwa juu ikishushwa inasinyaa. Ya mjini ikipandishwa inavimba. Bwana huyu anasema zake kazifunga mdomoni mwa mlima, juu kuliko hapa. Zibonyeze."

Profesa akanyoosha mkono. Alichelewa. Mama mwenye loji alikwisha kuibonyeza moja. Ilikuwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo.

Akazungusha kifuniko.

Pssssss.

Akanusa. Akamtazama Profesa toka kofia mpaka buti.

"Marashi," alisema. "Marashi yako, baba."

"Sayansi," alisema Sindano.

Shingo akachomoa Beretta.

Ta.

Ta.

"Risasi ziko kwenye pakiti yako ya krispi, chini kabisa," Sindano alimwambia. "Nilikuwa na wasiwasi utazimeza. Anayeijua bastola angehisi imekuwa nyepesi."

Shingo aliitazama silaha kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Chupa ya chai ya chuma, mkononi mwa Sindano, ikamfikia kwenye kifundo cha mkono, halafu gotini. Alianguka na meza ndogo. Nyuma yake mama mwenye loji alimkalisha Profesa kitini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chuma cha kuchokolea moto.

Kofia ilimezwa na meko. Unyoya ulinuka vibaya.

Sindano akawafunga wote wawili kwa kamba za plastiki, akatoa redio.

"Sindano kwa Mkuu. Chupa ni za mjini. Malori?"

"Tumeyashika sasa hivi. Madereva wanalia."

"Waache walie."

Profesa alikuwa na jasho puani. "Wewe ni nani hasa?"

"Dereva. Nisiulizwe sana, nitaumwa kichwa."

Saa sita.

Mama mwenye loji akauchomoa ufunguo kwenye kisanduku, akauvaa tena shingoni. Wote walisikiliza, hata Profesa.

Kutoka chini, mbali, ikapanda sauti ya kengele ya shule. Mlio wa chakula cha mchana, na anayeipiga hana haraka. Sindano aliujua mkono ule. Akatoka barazani, akaweka darubini machoni. Watoto walikuwa wanamwagika uwanjani. Darajani alipita mtu mmoja, anasukuma baiskeli, amesimama katikati kutema mate mtoni.

Akaiona sweta ya bluu ya mdogo wake mlangoni mwa shule. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kisha akaitoa chupa yake garini, akaijaza maji ya bomba la loji, akanywa yote, akaifunga barabara. Ingekonda njiani.

Juu yake Babu alitoa pumzi moja nyeupe, ya kivivu, kama mtu aliyesumbuliwa na wajinga.

Sindano akaingia garini, akatia gia ya pili, akashuka na abiria wake.