Posa ya Mtani

Steshenari iliyo karibu na soko kuu la Mtwara ilijaa wanafunzi, na mashine ya kutolea kopi ilikuwa moja tu. Mastura, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, alisimama na maswali yake ya riwaya, dera la bluu limelowa jasho mgongoni. Mwanamume mwenye shati la drafti akapenyeza karatasi zake mbele yake.

"Kaka, kuna foleni."

"Naiona. Wewe Myao?"

"Umejuaje?"

"Unavyonuna. Mimi Mmakonde, mtani wako. Foleni hainihusu."

Mastura alitaka kukasirika akashindwa. Mtani hata akikuchukulia kuku bandani unacheka, kisha unatafuta siku ya kumlipizia. Alizitazama karatasi zile, akaona ni mazoezi ya sarufi ya Kiingereza.

"Kumbe mnafundisha? Nilidhani mnachonga vinyago tu."

Huyo ndiye Bwanaheri, mwalimu wa shule ya Likombe. Haukupita muda wakawa wanakaa kila alasiri kwenye kibaraza cha shangazi yake Mastura, Mwanaidi, kule Mikindani, wakiwasaidia wanafunzi kazi za nyumbani. Bwanaheri alishika sarufi, Mastura riwaya na mashairi. Walioishi mbali, hadi Msimbati, waliuliza kwenye kundi la WhatsApp.

"Mke wangu," Bwanaheri alimtania, "huyu anauliza kwa nini mhusika analia na hajafiwa."

"Mwambie kaolewa na Mmakonde."

Wanafunzi walicheka, na shangazi alidai mahari ya mihogo. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Kisha Bwanaheri akapata uhamisho wa kwenda Newala. Siku hiyo alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, akakaa bila kugusa daftari la mtu.

"Mastura, nataka kukuoa kabla sijaondoka."

"Leta ngamia kumi."

"Nasema kweli."

"Watani husema kweli lini?" Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na wanafunzi wakacheka naye. Bwanaheri alitabasamu kidogo, akasahihisha sentensi mbili tatu, akaaga. Kesho yake alipanda basi.

Mimi simlaumu Mastura peke yake. Mwanamume anayemwita mtu mke wangu mwaka mzima kwa mzaha, siku akiwa na haja ya kweli atafute njia nyingine. Lakini kanzu ile ilionekana, na Mastura kazi yake ni kuwafundisha watoto kuwasoma watu vitabuni.

Akiwa Newala, Bwanaheri aliendelea kujibu maswali ya sarufi kwenye kundi. Ila sasa aliandika, "Mwalimu Mastura, swali la tatu ni lako." Heshima hiyo ilimuumiza Mastura kuliko tusi. Alimpenda, na alikuwa amemcheka mbele za watu.

Siku moja mwanafunzi wake Husna akamletea swali. "Mwalimu, kwenye hadithi hii mhusika ni mcheshi tangu mwanzo. Tutajuaje kama hapa hatanii?"

"Usisikilize maneno tu. Angalia amevaa nini. Angalia ameacha kufanya nini anachofanya siku zote." Mastura akafunga kitabu.

"Endelea, mwalimu, naandika."

"Nisubiri kidogo." Akaenda uani na simu.

"Bwanaheri, siku ile ulivaa kanzu."

"Niliipiga pasi mwenyewe."

"Nisamehe. Nakupenda, na sitanii."

"Nitajuaje? Wewe Myao."

Mastura alicheka huku machozi yakimtoka. "Basi lete mshenga. Na asiwe Mmakonde, maana shangazi hatamwamini."

"Newala hii, asiye Mmakonde nitamtoa wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani, mume wangu."

Msimu wa korosho ulipoanza, mshenga alibisha hodi Mikindani. Alikuwa mnunuzi wa korosho, Mpare, mzee asiye na utani na mtu yeyote wa Kusini. Alieleza posa kwa uso mkavu, neno kwa neno. Shangazi Mwanaidi alimsikiliza hadi mwisho, akingoja aanze kucheka. Hakucheka.

"Kumbe ni kweli," shangazi akasema. "Basi tumuulize mwenyewe."

"Nimekubali," Mastura akajibu kutoka nyuma ya pazia, kabla hajaitwa.