Madonge Chini ya Mringaringa

Kornelia alitaka wafike kabla giza halijaingia. Ndiyo maana alimhimiza dereva wake, Abdulrahim, aache kulibembeleza gari na kulipandisha tu ile njia ya mawe itokayo kijiji cha Tumati kwenda ukingoni mwa msitu. Kwenye siti ya nyuma alikaa mama mmoja wa Kizungu, ameikumbatia darubini yake kama mtu aliyepakata mtoto. Aliitwa Annika. Huko kwao, nchi ya mbali yenye theluji, alikuwa daktari wa meno, na tangu astaafu alikuwa akizunguka dunia kutazama ndege. Alishawaona wengi. Aliyekuwa bado anamsumbua moyoni ni bundi wa msituni, na wenyeji walikuwa wamemwambia Kornelia kwamba yuko mmoja anayelia kila jioni nyuma ya nyumba ya bibi anayeishi peke yake.

Kornelia alikuwa mzaliwa wa Nambis. Alikulia kwenye nyumba ambako bundi akilia juu ya paa, mama yake Agatha alitoka na kijinga cha moto kumfukuza, kisha familia nzima ikasali. Baadaye alisomea kuongoza watalii, akawapenda ndege wote, na bundi kuliko wote. Alizoea kuwaambia watu vijijini kwamba bundi anawasaidia kwa kula panya wa mahindi, basi. Tena alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Katika kata ya jirani vijana waliwahi kumchomea nyumba bibi mmoja kwa sababu ya macho yake mekundu na bundi aliyetua kwenye mti wake. Tangu hapo, Kornelia akisikia mtu anaitwa mchawi, yeye ndiye wa kwanza kubisha.

Gari lilisimama mteremkoni, chini kidogo ya nyumba. Abdulrahim alisema atabaki hapo, aswali Magharibi, wao watangulie.

Bibi alikuwa ameshatoka mlangoni, kana kwamba alikuwa akiwangoja. Jina lake Philomena. Alikuwa amekonda mno. Mashavu yamezama, shingo ndefu imetokeza mishipa, khanga imemning'inia kama imeanikwa. Lakini ua lake lilikuwa safi, limefagiwa hata jani moja halikuonekana.

Kornelia akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni."

Harufu ilimpiga Kornelia alipoketi kwenye kigoda. Ilikuwa kama ya nywele zilizoungua. Na chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, tamutamu, kama ya kidonda kilichofungwa kitambaa siku nyingi. Akapumua kwa mdomo. Alijiambia ni uzee na upweke, na kwamba mtu anayeishi bila wa kumchotea maji hana budi kunuka kidogo.

Bibi akaleta vikombe viwili vya maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Annika alikipokea chake, akatabasamu, kisha akamnong'oneza Kornelia kwa Kiingereza kwamba tumbo lake haliwezi, na je, itakuwa vibaya? Kornelia alimtazama bibi. Alimwona anavyovitazama vile vikombe. Akaona aibu kwa niaba ya mgeni, akakinywa chake, kisha akakichukua cha Annika na kumweleza bibi kwamba mgeni ni mgonjwa, yeye atanywa kwa niaba yake.

Maziwa yalikuwa na uvuguvugu, wakati jioni ile ilikuwa ya baridi. Yalivutika kama mlenda. Yalimteremka kooni taratibu, kwa mkupuo mmoja usiokatika, na Kornelia alilazimika kufumba macho ili amalize.

Alipofumbua, bibi alikuwa anamtazama kooni.

"Asante, mwanangu," Philomena alisema kwa sauti ndogo. "Wengi hukataa."

Kisha akawaonyesha njia ya kuzunguka nyumba. Alisema bundi yupo, wamtazame watakavyo. Ila wasimwite.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mringaringa mkubwa, na nyuma yake msitu ukaanza, mweusi tayari. Bundi hakuonekana. Lakini chini ya mti Annika alipiga magoti haraka kama msichana, uso umemng'aa. Ardhi yote pale ilikuwa imejaa madonge.

Kornelia aliyajua. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha nywele na mifupa visivyosagika huvitapika vikiwa donge moja kavu, la ukubwa wa kidole gumba. Watazama ndege huyapenda, huyapasua ili wajue bundi amekula nini. Ila haya hayakuwa ya ukubwa wa kidole gumba.

Yalikuwa makubwa kama ngumi.

Na hayakuwa makavu yote. La juu kabisa lilikuwa bichi, linang'aa ute, na inzi walikuwa wametulia juu yake bila kuruka, kama walioshiba. Annika alivaa glovu zake nyembamba, akatoa kibano mfukoni, akaanza kulivuta. Lilifumuka kwa sauti ya kunata. Harufu ile ya kidonda ikapanda... Kornelia akaweka mkono puani.

Ndani zilikuwamo nywele. Si za panya. Nywele za kipilipili, na nyingine zilizonyooshwa kwa dawa, na kipande cha msuko, kimesukwa vizuri na uzi mweusi, kimeviringana na ute wa njano. Annika aliendelea kuvuta. Msuko ukatoka, ukazidi kutoka, mrefu kuliko kiganja, ukidondosha matone. Mwishoni kibano kikagonga kitu kigumu.

Annika alikitazama karibu na macho. Alikishika kwa utulivu wa kazi aliyoifanya miaka mingi. Lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa nyingine.

"Kornelia. Hili ni jino la mtu."

Hapakuwa na upepo hata kidogo. Kornelia alitaka waondoke palepale, akamwambia hivyo. Annika alijibu kwamba lazima wajue ni ndege gani, kwamba hakuna bundi duniani mwenye koo la kutoa donge kama lile. Akatoa spika yake ndogo, akaunganisha na simu. Kornelia alimkumbusha alichosema bibi. Annika alikuwa ameshabonyeza. Mlio wa bundi wa msituni ukasikika, wa upole, wa kubembeleza. Ukanyamaza.

Wakangoja.

Jibu lilikuja. Sauti ileile, mpangilio uleule, ila nzito zaidi na yenye maji ndani yake.

Haikutoka mtini.

Ilitoka ndani ya nyumba.

Kisha mlio ukakatika, na baada yake ikaja sauti ya mtu anayetapika. Si kutapika kwa kawaida. Ilikuwa ni kukwama, na kukwama, na pumzi inayovutwa kwa shida kupitia kitu kilichoziba. Annika aliganda pale pale na spika mkononi. Kornelia, pamoja na hofu yake yote, aliwaza jambo moja tu: bibi mzee yuko peke yake ndani na anapaliwa. Akazunguka nyumba mbio, akasukuma mlango.

Mwanga wa mafigani ulitosha.

Philomena alikuwa amechuchumaa juu ya kitanda, vidole vya miguu vimekamata ukingo wa mbao. Mikono ilikuwa imebanwa ubavuni chini ya khanga. Shingo ilikuwa imenyooshwa mbele, ndefu kuliko shingo ya mtu inavyoweza kunyooka, na mdomo umefunguka mpaka ngozi ya pembeni imepasuka. Koo lilikuwa limevimba. Uvimbe ule ulipanda... ukashuka... ukapanda tena. Kornelia aliona donge linachungulia kati ya fizi, la kijivu, lenye nywele, limelowa. Bibi akatikisa kichwa mara moja, kama ndege, na likadondoka sakafuni.

Lilitoa sauti ya kitambaa chenye maji.

Bibi akafunga mdomo. Taratibu shingo ikarudi, mabega yakashuka, akawa tena kikongwe aliyekaa kitandani kwake. Akajifuta ute kidevuni kwa pindo la khanga, akaona kuna mtu mlangoni, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa analia. Kornelia alijiambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomzuia kupiga kelele, kwamba aliiona aibu ya mtu mzima aliyeonwa katika unajisi wake.

"Vikombe vyote viwili," bibi alinong'ona nyuma ya viganja. "Ulikunywa vyote?"

"Nilikunywa, bibi."

"Na mimi nilikuwa mzima kama wewe. Nilimhurumia mtu, nikapokea alichonipa." Akateremsha viganja. "Nimechoka, mwanangu. Nisamehe."

Kornelia hakujua anasamehe nini. Alisema amesamehe, kwa kuwa ndivyo mtu anavyomjibu mzee anayelia, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Alimshika Annika mkono, wakateremka kwenye gari bila kuaga. Abdulrahim alikuwa anakunja mkeka wake wa kuswalia. Alitazama nyuso zao, akawasha gari.

Njiani Annika alipaka dawa ya kuulia vijidudu mikononi, akasugua, akapaka tena, mpaka gari zima likanukia spiriti. Ndipo akasema kwamba lile jino lilikuwa la mtu mzee sana, mzizi umeoza, limeng'oka lenyewe. Hakuna aliyeuawa. Aliyasema hayo kama anayetaka aaminiwe. Kornelia akakumbuka fizi tupu za Philomena, akamwomba Abdulrahim asimamishe.

Alipiga magoti kando ya barabara, akatia vidole kooni. Chai ya asubuhi ilitoka. Wali na maharage ya mchana vilitoka. Maziwa hayakutoka. Aliyasikia yametulia chini kabisa, yana uvuguvugu, yamekaa.

Annika alipanda ndege kurudi kwao na hakutaka tena kuzungumzia bundi. Kornelia hakumwambia mtu yeyote, hata Agatha. Alijua neno moja tu likitoka mdomoni mwake, vijana watapanda Tumati na petroli. Akatafuta maelezo kimyakimya. Daktari mmoja alimweleza kwamba upo ugonjwa wa kula nywele, hauna uchawi wowote, nywele hujikusanya tumboni zikawa mpira. Naye Raya, dada yake Abdulrahim mwenye saluni ya kike Dongobesh, alimwambia bila hata kuulizwa sana kwamba kuna bibi wa Tumati ambaye kila siku ya mnada hupita kuomba nywele zilizofagiwa, anasema ni za kujazia mto. Jino lilikuwa lake mwenyewe, nywele zilikuwa za saluni. Kornelia alishika maelezo hayo kwa mikono miwili. Kuhusu ile shingo, alijiambia palikuwa na giza.

Mvua zilinyesha, mahindi yakabeba. Kornelia aliendelea na wageni wake. Alikuwa amekonda kidogo, chakula kilikuwa hakimpandi, lakini ni msimu wa kazi nyingi, watu wakasema ni uchovu.

Mchana mmoja alikwenda kwa Raya kusuka. Saluni ilikuwa imejaa jua, redio ndogo inaimba kaswida. Raya alikuwa amemaliza kumnyoa mteja mmoja na kumfumua mwingine, nywele zimetapakaa sakafuni nyeusi na za kahawia, lundo kwa lundo. Huku akimchana, Raya alikuwa anapiga soga, na katikati ya soga akasema kwamba yule bibi wa Tumati haji tena.

Kornelia alishtuka, akauliza kama amefariki.

"Afe wapi? Amepona, dada. Nilimwona mnadani na mashavu yake, anakula nyama choma kama kijana. Anacheka. Ukimwona huwezi kumjua."

Kornelia alifurahi. Alifurahi kweli, machozi yakamlengalenga, kwa sababu amekaa miezi akimbeba yule mzee moyoni. Alitaka kuuliza alipona lini, baada ya nini. Akatazama chini ili Raya asimwone anavyolia.

Macho yakatua kwenye nywele.

Zilikuwa laini. Zilikuwa bado na mafuta, zinang'aa juani, na harufu yake ilikuwa inapanda taratibu... Njaa aliyoikosa tangu mvua zianze ikamshukia yote kwa pamoja.

Mate yakamjaa mdomoni.

Simu ya Raya ikaita. Raya akasema samahani, mtandao ndani ya chumba ni mbovu, akatoka kibarazani kuongea. Kornelia alimsikia anasalimiana na mtu kwa kirefu, anauliza hali za watoto. Alishika mikono ya kiti. Alisema kimoyomoyo kwamba atahesabu vigae vya ukutani, kwamba atamwita Raya, kwamba atasali. Alikuwa bado anasema hivyo alipojikuta magotini.

Raya aliporudi na uzi wa kusukia, alisimama mlangoni, akashangaa. Sakafu ilikuwa safi, hata unywele mmoja haukubaki. Ufagio ulikuwa bado umeegemezwa pale pale nyuma ya mlango. Kornelia alikuwa amekaa kitini, mgongo umenyooka, anatazama kioo.

"Dada, umenifagilia?" Raya aliuliza. "Si ungeacha tu."

Kornelia alitikisa kichwa. Hakuweza kufungua mdomo.