Dume Lililotoa Maziwa

Mihayo wa Didia alikuwa na ng'ombe kumi na wanane na pikipiki moja. Pikipiki aliipata baada ya mavuno ya pamba ya mwaka 1976. Kila ng'ombe wake alikuwa na jina, kwa hiyo pikipiki nayo akaipa jina. Aliiita Ngosha, maana yake dume kwa Kisukuma.

Ijumaa moja mama yake, Bibi Serafina, aliizunguka Ngosha akaitazama. Kesho yake mjukuu wake Esta alikuwa anaolewa Kagongwa. Bibi ndiye aliyemlea. Basi la kwenda huko lilikuwa limesitisha safari kwa sababu ya mvua. Kilichobaki ni Ngosha.

"Mihayo, hili tope ni la kwako au la pikipiki?"

"La pikipiki, mayu."

"Basi liondoe. Kanga yangu ni mpya."

Mihayo alijua namna moja tu ya kuosha mifugo. Jioni aliwapeleka ng'ombe lamboni, na Ngosha akaiendesha nyuma yao. Wakaingia majini wote. Maji yalipofunika injini, Ngosha ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Mihayo hakujali. Aliisugua mgongo, akaisugua na tumbo.

Ng'ombe walitoka majini wenyewe. Ngosha ilivutwa.

Akapiga kiki mpaka kiatu kikamvuka. Kimya. Ikabidi aisukume hadi kwa fundi Akida, na Bibi akafuata nyuma. Akida alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo Mihayo alijua atachekwa kwanza.

"Mtani, umeibatiza?" Akida aliuliza.

"Nimeiosha tu." Mihayo akainua mguu apige kiki tena.

"Shusha mguu. Ndani kuna maji. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Ukilazimisha, chuma kinapinda, na hapo hakuna harusi."

Mihayo akashusha mguu taratibu.

Akida alifungua plagi, ndipo akapiga kiki polepole. Maji yakaruka nje. Akamwaga maji yaliyokuwa kwenye kabureta na kwenye bomba la moshi. Akakausha plagi na chujio la hewa. Kisha akafungua oili chini ya injini. Ikatoka nyeupe.

Mihayo aliinama. "Mbona kama maziwa?"

"Hongera. Dume lako limezaa."

"Mtindi utakuwa tayari lini?" aliuliza Bibi Serafina.

Akida alicheka mpaka akaweka spana chini. "Oili ikichanganyika na maji huwa hivi, Bibi. Hailainishi tena. Vyuma vinasagana. Lazima imwagwe yote, tuweke mpya."

"Kwa hiyo pikipiki haiogi?" Mihayo aliuliza.

"Inaoga kama bibi harusi. Kwanza ipoe. Halafu kwa kitambaa chenye maji, na aibu zake zimefunikwa. Ziba mdomo wa bomba la moshi. Ziba pale inapovutia hewa. Ukimaliza, zibua, kausha, mnyororo uupake oili."

"Na mtoni je?"

"Shuka upime kwa fimbo. Maji yakifika katikati ya gurudumu, usiendeshe."

Akaweka oili mpya, akarudisha plagi, akaiwasha. Ngosha ikanguruma. Bibi akashika kanga yake kama anayetaka kucheza.

Jumamosi asubuhi waliondoka. Kabla ya kufika Isaka, mto mdogo ulikuwa umejaa. Mihayo alizima injini, akaazima fimbo ya mama yake, akapima. Maji yalipita katikati ya gurudumu.

Upande huo huo wa mto alikuwapo mzee Masele na mkokoteni wake wa ng'ombe. Wakapakia Ngosha juu, bomba limezibwa kwa tambara, na tundu la hewa limezibwa. Bibi akapanda, akaketi kando yake. Katikati ya mto ng'ombe mmoja alisimama, akanywa maji bila haraka.

Bibi akaipigapiga Ngosha kwenye tangi. "Wewe tazama tu."

Walipovuka, Mihayo alizibua matundu yote mawili akapiga kiki. Moja tu, ikawaka.

Walifika Kagongwa kabla ya kengele ya kanisa. Esta alitoka mbio na gauni lake, akamkumbatia bibi yake. Kanga haikuwa na hata tone la tope.

"Bibi, umeniletea nini?"

"Nilitaka kukuletea maziwa ya Ngosha," alisema Bibi Serafina. "Fundi akayamwaga."