Kizimahofu

Tepe za kijivu ziliwashwa, na wanafunzi thelathini wa kituo cha lugha wakaanza kuzungumza Kiswahili kwa pamoja, bila kigugumizi wala aibu. Utepe huo uliitwa kizimahofu. Kilivaliwa kwenye paji la uso, kikasoma mapigo ya moyo, kisha kikatuliza sehemu ya ubongo inayozaa woga. Mhandisi Sekela Mwakatobe, aliyekibuni, alijua kwamba mwenye hofu hujifunza lugha kwa shida: maneno anayasikia, lakini hayamwingii. Kwa kizimahofu, wageni waliohamia Dodoma walimaliza masomo kwa siku arobaini.

Asubuhi hiyo Sekela alikuwa amechoka. Kwa miaka tisa alikuwa amezunguka vituoni, akirekebisha vifaa na kusikiliza sauti zilezile tulivu. Alikuwa akifunga mkoba wake mwanamke mmoja alipomfuata mlangoni. Aliitwa Nyandeng, mzaliwa wa Bor, na mwaka uliotangulia alikuwa ameongoza katika mtihani wa kituo hicho. Alikuwa ameazima utepe darasani ili aweze kusimulia.

Akasimulia, uso mkavu. Mwezi Machi mumewe alianguka jikoni, naye akapiga simu ya dharura. Mashine iliyopokea ilijua lugha kumi na moja; Kidinka, lugha ya kwao Nyandeng, hakikuwamo. Alipofungua kinywa, bila utepe, hakupata hata neno moja la Kiswahili. Alipiga kelele kwa Kidinka mpaka jirani akasikia, na gari la wagonjwa lilipofika, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Sekela aliketi kwenye benchi. Maneno yale Nyandeng aliyajifunza ndani ya utulivu wa kifaa. Utulivu ulipoondoka, yaliondoka nao. Hakuna aliyewahi kulipima hilo, hata yeye.

"Sikuja kukulaumu, mwalimu," Nyandeng alisema. "Nataka unifundishe upya. Bila hiki."

"Utaona aibu, mama. Utasahau. Itachukua miaka."

"Najua."

Akauvua utepe. Akamkabidhi Sekela.

Sekela alitamani kwenda nyumbani kulala. Hata hivyo alimsogelea, akamwomba amweleze habari za mumewe, vyovyote atakavyoweza. Nyandeng alianza, akakwama, akalia, akaanza tena. Robo saa ikapita kabla hajapata sentensi moja nzima.

"Mume yangu... anapenda chai moto."

Sekela aliliacha kosa lilivyo, akamuuliza mumewe aliitwa nani.